Mstari wa Figiri

Miezi miwili iliyopita niliitwa Msasani kutengeneza chumba cha baridi cha duka moja la mboga. Ndiyo kazi yangu. Nina diploma ya ufundi wa majokofu, niliyoipata Durban nikipakua makontena ya samaki kwa zamu na kukaa darasani saa zilizobaki, na katika jiji hili zima wanawake wanaofungua kompresa kubwa kwa mikono yao nawajua wote kwa majina. Tukikutana, kochi moja linatutosha. Nimerudi nyumbani na vifaa vyangu mwenyewe. Nimejenga Kinyerezi nyumba ya vyumba vinne kwa jasho langu, bila mume, bila mkopo, bila mjomba serikalini. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akafikiri kwamba nilikaa chini mle ndani kwa sababu ya udhaifu.

Maana nilikaa chini. Nilifungua mlango wa kile chumba na harufu ikanipiga usoni: figiri mbichi, kali kidogo puani, na nyuma yake ubichi wa udongo uliomwagiwa maji. Kreti zilikuwa zimepangwa hadi usawa wa kifua. Nikachukua jani moja. Lilikuwa na matundu kama chekecheke.

"Hizi mbona zimeliwa?" nilimuuliza kijana wa duka.

"Sista, hayo matundu ndiyo yanauza," akasema. "Wateja wetu wakiona tundu wanajua haijapigwa dawa. Jani likiwa zima sana wanaanza kuniuliza maswali."

Nikacheka. Halafu spana ikanitoka mkononi, nikakaa juu ya kreti tupu, kwenye baridi, na lile jani mapajani. Nilikaa humo mpaka yule kijana akachungulia na kuniuliza kama gesi imenipanda kichwani.

Utotoni, Pugu ilikuwa nyumba yangu ya tatu. Ya kwanza ilikuwa chumba cha kupanga Kinondoni, nilikoishi na Mama baada ya Baba kufariki. Mama akapata kazi ya upishi katika hoteli ya ufukweni Kunduchi, akawa analala hukohuko kwenye vyumba vya wafanyakazi, ambako mtoto haruhusiwi. Nikapelekwa Temeke kwa Mama Mdogo. Mama Mdogo akajifungua, nyumba ikabana. Jioni moja nikiwa naosha vyombo uani nikamsikia akimuuliza mumewe, "Hivi huyu atakaa mpaka lini?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza mvua itakatika saa ngapi. Lakini juma lililofuata nilikuwa Pugu, kwa Shangazi Zuhura, dada yake Baba, ambaye nilikuwa nimemuona mara moja tu, msibani.

Kwa hiyo nilifika Pugu nikiisubiri ile sentensi. Nilikuwa na miaka kumi, na hesabu yangu ilikuwa rahisi: mtu akishauliza utakaa mpaka lini, ujue siku zako zimekwisha. Nikaamua kukaa kimya kiasi kwamba hakuna atakayekumbuka kuuliza. Nilikula kidogo. Nilitembea bila kuburuza ndala. Nililala ukutani kabisa ili nisichukue nafasi kitandani.

Shangazi naye hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza swali alikujibu kwa kulifanya lile jambo mbele yako. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono ya mwanamume, na aliishi peke yake kwenye nyumba ya udongo yenye paa la bati, mteremkoni, msitu wa hifadhi ukionekana kwa mbali. Nyuma ya nyumba ndipo palipokuwa na shamba. Mie mtoto wa Kinondoni nilijua mboga hutoka sokoni, ikiwa imefungwa mafungu. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba kuna mtu anaamka kwa ajili yake.

Shangazi aliamka. Baada ya swala ya alfajiri alitoka na ndoo, na mimi nikamfuata kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Tulichota maji kisimani, tukanyweshea kwa kopo lililotobolewa kitako, tuta baada ya tuta, polepole, maji yakianguka kwenye mizizi bila kulowesha majani. Halafu tulikwenda kwa wafugaji wa jirani kuzoa samadi, tukairudisha kwenye viroba vichwani. Tulikata nyasi tukazitandaza juu ya udongo ili jua lisiukaushe. Tulitwanga majani ya mwarobaini kwenye kinu cha zamani kisichotumika tena kwa chakula, tukayaloweka pamoja na pilipili na vipande vya sabuni ya mche, tukachuja kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa. Ilinyunyizwa kwa ufagio wa chelewa, mara mojamoja, wadudu wakizidi.

Mimi niliyaona yote hayo kuwa ni ufukara. Jirani wa chini alikuwa na mbolea nyeupe ya dukani na bomba la kunyunyizia la mgongoni, na nikaamini kwamba Shangazi angekuwa na uwezo angefanya vivyo hivyo. Sikuelewa kwamba mtu anaweza kukataa kitu. Shuleni nilikaa mbali na wenzangu ili wasinuse samadi, na kwa sababu nilikaa mbali hakuna aliyenizoea, na kwa sababu hakuna aliyenizoea nikaamini kwamba kweli ninanuka.

Hata hivyo yapo mambo niliyoyapenda pale na sikuyasema. Nilipenda lundo la mboji likifuka mvuke asubuhi za kipupwe, na Shangazi akichomoa ile fimbo iliyochomekwa katikati yake, akiishika kiganjani kuona kama ina moto, kisha ananipa na mimi niishike. Nilipenda minyoo. Nilipenda namna udongo wa kwake ulivyokuwa mweusi na mwepesi, wakati ng'ambo ya uzio ulikuwa mwekundu na mgumu kama kigae. Na nilipenda kabichi. Watu walisema kabichi ni ya Lushoto, Pugu kuna joto, haitafunga. Zake zilifunga. Alizipanda zikomae wakati wa baridi, na zilipoanza kukunja vichwa alizipita moja moja akizibonyeza kwa kidole gumba, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukiona wakati mwingine wowote.

Zile kabichi zilikuwa na pa kwenda. Shangazi alikuwa kwenye kikundi cha akina mama waliolima bila dawa wala mbolea ya dukani, na duka moja la huko mjini lilichukua mazao yao. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Tuzo, mama wa Kimakonde aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, mnene, mcheshi, aliyesikika kabla hajaonekana. Utaratibu wao ulikuwa wa kukaguana. Kabla ya mavuno walizunguka wote shamba kwa shamba, na kila mwenye shamba alisimama mbele ya wenzake akataja kila kitu alichokiweka kwenye udongo wake na kila kitu alichokinyunyiza. Mama Tuzo alikuwa akisema, "Bwana shamba utamdanganya, anakuja mara moja kwa mwaka. Jirani anayekuazima chumvi utamdanganyaje?"

Kandokando ya kabichi, upande wa uzio, kulikuwa na mstari mmoja wa figiri. Mashina kumi na mawili. Nilivihesabu vitu vingi siku zile, ndiyo maana nakumbuka. Ile figiri ilikuwa imeliwa vibaya. Majani yalijaa matundu na viwavi wa kijani walioning'inia kwa uzi ukiwagusa. Hakuna aliyeipalilia. Hakuna aliyeichuma. Mwarobaini ulinyunyiziwa kabichi, figiri ikarukwa.

"Shangazi, hizi je?" niliuliza siku moja, na hilo lilikuwa swali langu refu kwa wiki nzima.

"Hizo ziache," akasema, akaendelea na kazi.

Nikaziangalia. Zilikuwa pembeni. Zilikuwa ndani ya uzio lakini si za shamba. Zilipewa maji kwa kuwa ni aibu kumnyima kiumbe maji, lakini hakuna aliyezibonyeza kwa kidole gumba. Sikuhitaji maelezo zaidi. Niliwajua hao ni nani; nilikuwa mmoja wao.

Basi nikazichukua zikawa zangu. Kila nilipotoka shule nilipitia uzioni kwanza. Nilizipa majina. La kwanza lilikuwa Mama. La pili Mama Mdogo. La tatu mtoto wake, niliyekuwa nikimbeba mgongoni Temeke na sikuagana naye kwa kuwa alikuwa amelala. La nne Mwajuma, msichana wa darasani mwenye nywele ndefu ambaye hakuwa akijua kwamba mimi ni rafiki yake. Kulikuwa na Teacha. Kulikuwa na Meneja, bosi wa Mama kule hotelini, ambaye nilimgombeza kila siku kwa kutompa Mama ruhusa. Niliongea nazo. Nilizisimulia nani kachapwa, nani kaleta mihogo ya kukaanga, nani kaniambia nisogee. Sauti yangu, niliyoificha siku nzima, ilitoka pale. Shina la kumi na mbili, mwisho kabisa, sikulipa jina. Nililiwekea mtu atakayekuja.

Halafu nikaanza kuzitibu. Nilikuwa nimeiangalia ile dawa ikitengenezwa mara nyingi, na nasema bila kujisifu kupita kiasi kwamba tangu utoto nikiona jambo linafanyika mara mbili naliweza. Nilitwanga mwarobaini wangu, nikauloweka kwenye kopo la maziwa, nikauficha nyuma ya choo. Kila jioni nilichomoa viwavi mmoja mmoja kwa vidole, nikawatumbukiza kwenye maji ya sabuni, nikafuta majani chini na juu kwa kitambaa, kisha nikanyunyiza. Siku ya kumi figiri ikaanza kurudi. Majani mapya yalitoka mazima, mapana, yanang'aa. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku niliyoitwa jina langu kwenye jukwaa kupokea diploma.

Wiki hiyohiyo kabichi zikaanza kutoboka.

Mwanzoni ilikuwa moja, mbili. Kisha tuta zima. Shangazi aliamka akakuta majani ya nje yamekuwa wavu, na ndani, kwenye vile vichwa alivyovibonyeza, kuna njia za viwavi na uchafu wao. Alinyunyiza mwarobaini. Aliongeza pilipili. Alipiga magoti akachuma wadudu kwa mkono mpaka jua likamchoma shingo, na mimi nikamsaidia, kwa ustadi mkubwa. "Sijui nimekosea wapi," alisema, akiuambia udongo. Ukaguzi ulikuwa Jumamosi.

Ijumaa jioni Mama Tuzo akaja kutazama. Alisimama penye kabichi. Halafu macho yake yakaenda uzioni.

"Zuhura," akasema, "ile figiri umeipa nini? Imenawiri kama bibi harusi."

Shangazi aligeuka. Nafikiri alikuwa hajaitazama kwa majuma. Akaenda, akainama, akageuza jani. Safi. Akageuza lingine. Safi.

Nilikuwa nimesimama pale na nikaona saa yangu imefika. "Nimezitibu mie," nikasema. "Zote kumi na mbili. Peke yangu."

Nikadhani hawajaamini, nikakimbia nyuma ya choo, nikaleta lile kopo na kitambaa. Mama Tuzo aliangalia kopo, akaniangalia mimi, akaanza kutikisika tumbo, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Haya, tumepata daktari," akasema. "Kamtibu chambo."

Shangazi hakucheka. Alisema, "Nenda ndani, mama," akatumia lile neno la kumbembeleza mtoto wa kike, na hilo likanitisha kuliko kama angenipiga.

Nilikaa nyuma ya mlango. Nilimsikia Mama Tuzo, akiwa ameshusha sauti, "Sasa mwenzangu, na huyu mtoto utafanyaje?"

Shangazi akasema, "Kosa langu. Mie ndiye niliyekosea tangu mwanzo."

Mie nilielewa hivi: kosa lilikuwa kunipokea. Haikuwa ile sentensi niliyoisubiri, lakini ilikuwa ndugu yake. Nikakusanya nguo zangu, nikazitia kwenye begi la shule pamoja na daftari, na asubuhi ya Jumamosi, baada ya kunyweshea kama kawaida, nikavaa viatu nikakaa kizingitini na begi mapajani, tayari.

Akina mama wakaja, kama kumi hivi, na kanga zao na maongezi yao. Wakapita shambani. Maongezi yakakatika. Kutoka pale mlangoni nilimuona Shangazi amesimama katikati ya duara, mikono nyuma, anataja. Samadi ya wapi. Majivu ya jikoni. Mwarobaini, pilipili, sabuni.

"Na figiri ya mtego?" mmoja akauliza. "Mbona nzima? Nani kaipiga dawa?"

"Nyumba yangu imeipiga," Shangazi akasema.

"Nyumba yako nani?"

"Nimesema nyumba yangu."

Hakukuwa na dawa ya dukani, kwa hiyo jina lake lilibaki kwenye kikundi. Lakini duka lisingepokea kabichi zile, na Mama Tuzo, rafiki yake, ndiye aliyepaswa kusema kwamba msimu ule nafasi ya kabichi itakwenda kwa mwingine. Alisema akiwa anaangalia kando. Shangazi akajibu, "Sawa," akawakaribisha chai.

Walipoondoka akaja akasimama mbele yangu.

"Begi la nini?"

"Naondoka."

"Unakwenda wapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. "Kwenye nyumba ya nne," nikasema.

Akalichukua begi, akalitundika kwenye msumari juu mno, ambako singeweza kulifikia, na akanishika mkono mpaka uzioni. Tukachuchumaa kwenye figiri. Akatafuta kwa muda mrefu chini ya majani mpaka akapata, kwenye shina la mwisho, vidoti viwili vitatu vya manjano, vidogo kuliko punje ya mchanga.

"Mayai," akasema. "Yule nondo wa kijivu, unamuona jioni? Anatafuta pa kutagia. Kabichi anaila, lakini figiri anaipenda zaidi. Harufu yake inamwita. Anatua hapa, watoto wake wanakula hapa, kule hawafiki. Zikishajaa nakata, nawapa kuku. Umesikia? Wewe ukamfukuza hapa. Akaenda alikopata nafasi."

Nikazitazama. Mama, Mama Mdogo, Mwajuma. "Kwa hiyo zimepandwa ziliwe," nikasema.

"Zimepandwa zilinde."

"Lakini zinaliwa."

Shangazi alifuta udongo kwenye goti langu. "Kuanzia leo mstari huu ni wako," akasema. "Usiutibu. Uangalie tu. Viwavi wakijaa, unaniita."

Mimi, ninayejivunia leo kwamba sijawahi kuomba kazi nikakosa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na ilikuwa ngumu kuliko zote. Kila siku nilikwenda kuwatazama rafiki zangu wakiliwa. Nikaacha kuongea nao. Mtu unayemwangalia akitobolewa utamsimulia nini. Lakini niliita kwa wakati, kila mara. Kabichi zilizofuata zilifunga safi. Shangazi aliniita nizibonyeze kwa kidole gumba, nikabonyeza. Ile sentensi ya atakaa mpaka lini sikuisikia Pugu, ingawa niliendelea kuisubiri mpaka siku ya mwisho, na kusubiri huko kulinilia vitu vingi ambavyo ningeweza kuvifurahia.

Mwisho wa mwaka Mama akapata chumba Kunduchi, akaja kunichukua. Shangazi alinitolea begi msumarini. Nilimwambia, "Nilishachoka na wadudu wenu," kwa sababu nilidhani ukiondoka kwanza kwa maneno hakuna anayeweza kukuondoa. Akasema, "Haya, mama. Salama." Sikurudi. Nilisoma, Mama naye akafariki, nikasafiri. Habari ya kifo cha Shangazi ilinikuta Durban kwenye simu. Nilikuwa na mtihani wa mwisho juma lile. Nilifaulu.

Jumapili baada ya ile kazi ya Msasani niliendesha gari langu mpaka Pugu. Mteremko umejaa nyumba na fremu za maduka. Mahali pa shamba kuna mtu anauza tofali. Lakini Mama Tuzo yupo, kwenye nyumba ileile, amekonda, na bado ana matuta manne uani.

"Shikamoo, Mama Tuzo."

"Marahaba. Nani? Sogea, macho yangu haya." Akanishika kidevu. "Aaa. Daktari wa chambo."

Tulikaa jikoni kwake. Nilimweleza kuhusu diploma na nyumba, akasema hongera, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Unajua alikuwa anakusikia?"

"Nani?"

"Zuhura. Ulivyokuwa unaongea na ile mimea. Alikuja kwangu akaniambia, mwenzangu, mtoto anaongea. Tangu aje sijasikia sauti yake, leo anaongea na figiri. Mie nikienda upande ule atanyamaza." Mama Tuzo alipuliza moto. "Basi akaacha kwenda. Mwezi mzima hakusogea pale uzioni. Kunyweshea kule kakuachia wewe. Ndiyo maana hakuona ulichokuwa unakifanya. Mkulima mzima, kaliwa kabichi kwa sababu hataki kumkatisha mtoto mazungumzo. Mie nilimcheka sana. Akasema, cheka, lakini kosa langu mie, ningemweleza siku ya kwanza alipouliza."

Nilitazama mikono yangu. Ni mikono mizuri, ina alama za kazi.

"Na aliendelea nayo," akasema. "Kila msimu kumi na mbili tu. Nikimwambia ongeza, anakataa. Anapita asubuhi anatuambia, nyie, Mwajuma leo kajaa, kamkateni. Teacha bado. Meneja wapeni kuku wote. Watu walidhani kachanganyikiwa. Ila yule wa mwisho hakumkata. Alimwachia atoe maua, atoe mbegu, ndiyo anapanda msimu ujao."

"Wa mwisho sikumpa jina."

"Yeye alimpa."

"Alimwitaje?"

Mama Tuzo alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Alimwita wewe," akasema. Kisha akaenda chumbani, akarudi na kopo la maziwa lililozibwa kwa kitambaa. Mbegu za yule wa mwisho zilikuwa ndogo, za kahawia, zilisikika kama mvua ndani ya bati.

Uani kwangu Kinyerezi pote nimemwaga zege. Nilitaka pasiwe na tope. Nimevunja ukanda mmoja kando ya ukuta, kwa nyundo yangu, nikajaza udongo na samadi, nikapanda mashina kumi na mawili. Yameota. Yameshaanza kutoboka. Jana Mama Tuzo alikuja, nilimfuata mwenyewe kwa gari. Akauzunguka uwanja wote na fimbo yake, akatazama ukuta, geti, madirisha ya alumini, kisha akasimama mbele ya mstari.

"Umepanda vizuri," akasema. "Kabichi ziko wapi?"

"Sijapanda."

"Sasa hizi zinamlinda nani?"

Nilitazama nyuma yangu. Vyumba vinne, mapazia yote yamefungwa. Nikamwambia, "Ingia ndani, Mama Tuzo, nitakueleza." Sikuwa na cha kueleza. Nilitaka tu aingie.